Wa Kwanza Kujua

Doonside, 8 Agosti 2021

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwa barua pepe. Mimi mzima, ila huku ughaibuni tumefungiwa ndani. Natoka kwenda kazini tu. Kifua chako kinaendeleaje?

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, namhudumia Mwingereza mmoja mzee, Bibi Whitlock. Mwanawe anaishi Rooty Hill, kituo cha treni kinachofuata tu, lakini haruhusiwi kuingia kwa sababu ya korona. Basi ananisimulia mimi, na hadithi zake zote ni za mwaka 1952. Alikuwa shuleni London Mfalme alipofariki: sinema zikafungwa, redio ikaacha vipindi, watu wazima wakalia barabarani. Desemba ukatanda moshi wa makaa, mzito hata mabasi yakashindwa kwenda, na baba yake akafa kwa kukosa pumzi. Anauliza kama huko kwetu mwaka huo unakumbukwa. Nimwambie nini?

Binti yako,
Bridget

Nyeri, 15 Agosti 2021

Mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Mimi nakohoa kidogo, ni umri.

Mwambie mwaka wake ulipita hapa. Binti wa Mfalme, aliyekuja kuwa Malkia, alikuwa hukuhuku Sagana. Babu yako alikuwa akimpikia Mzungu mmoja hapa mjini, na maisha yake yote alidai kwamba habari ya kifo aliisikia jikoni, redioni, wakati yule binti bado anapumzika, hajui kuwa hana baba. Babu hakuupenda utawala wao hata kidogo, na mwaka haukwisha kabla hawajamfunga. Lakini kwa hilo alimhurumia. "Hata mpishi alijua," alikuwa akisema.

Baba yako,
Ephraim

Doonside, 17 Agosti 2021

Baba,

Habari za huko? Nimesoma maneno ya Babu nikakasirika upya. Cucu, nyanya yangu, alipofariki mlinificha mwezi mzima, eti nina mtihani. Kanisa letu zima la huku Blacktown lilijua. Nikiwasalimia walinitazama kwa huruma, mpaka Mama Aksanti, yule Mkongomani, na wenzake wa kanisani walipokuja na chai kunipasha habari. Najua ndiyo desturi, mtu asiupokee msiba akiwa peke yake. Lakini iliniumiza sana.

Sasa mipaka imefungwa, siwezi kuja. Niahidi: likitokea jambo, nilisikie kwako kwanza. Na kikohozi hicho kapimwe.

Binti yako,
Bridget

Nyeri, 19 Agosti 2021

Mwanangu,

Nimekusikia. Tulidhani tunakuhurumia. Naahidi.

Baba yako

Doonside, 12 Septemba 2021

Baba,

Mbona kimya? Nikimpigia kaka Ndirangu anasema umelala. Kila mara umelala. Bibi Whitlock amefariki. Mwanawe alikuwa nje ya dirisha, mkono nilimshika mimi. Tafadhali niandikie.

Bridget wako

Nyeri, 14 Septemba 2021

Mwanangu,

Hujambo? Pumzi yangu ni fupi. Ndirangu amekataa kukuandikia haya, kwa hiyo naandika mwenyewe kwa simu, polepole.

Ni korona. Niko hospitali, nimewekewa oksijeni, na daktari hanidanganyi. Sitatoka. Umelisikia kwangu, kama nilivyoahidi. Naogopa, ila si kama nilivyodhani.

Mama Aksanti na wenzake wakija, usiwaambie ulijua. Watakuwa wamehangaika wakipanga nani aanze kusema. Waache wafanye kazi yao. Na chai yao uinywe.

Baba yako akupendaye,
Ephraim

Doonside, 18 Septemba 2021

Baba,

Wamekuja leo. Walisimama kwenye nyasi mbele ya nyumba, kila mmoja mbali na mwenzake, barakoa usoni, chupa ya chai wameiweka mlangoni. Hakuna aliyeweza kunikumbatia.

Mama Aksanti akaanza, "Kazi inaenda muzuri, mwanangu?" Nikamjibu nzuri. "Baridi iko mingi hii siku." Nikakubali. Akataka kuendelea, akashindwa, akalia yeye kwanza. Nilimngoja mpaka akaweza kusema kwamba umetutoka, nikawashukuru kwa kuniambia.

Hawajui kwamba uliwatangulia. Chai nimeinywa yote.

Binti yako,
Bridget