Kipande cha Marwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimefagia ofisi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nimepandisha mtandaoni taarifa za wanachama wawili wapya: vitambulisho, namba za akaunti za benki, saini. Huko zinavurugwa zote. Asiye na neno la siri ataona herufi zimetawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Karatasi tulizichoma baada ya matapeli kuwapigia wanachama wakiwatajia akaunti zao. Hapa Kewanja wananiita fundi. Chuo changu ni video za kwenye simu.

Laptopu siizimi. Ikizimika itadai neno la siri, na kipande chake kimoja anacho Marwa.

Jumatano, 6 Machi
Kosa ni letu. Mama Nyangi, mwenyekiti, haamini kitu kisicho na kufuli tatu kama kasha la kikundi. Basi neno la siri tukaligawa vipande vitatu: chake, changu, na cha Marwa, mweka hazina. Mmoja akiandika, wawili wanatazama ukuta. Tapeli hawezi kuingia. Na sisi hatuwezi.

Dhahabu ilipoibuka porini upande wa Serengeti, Marwa alibeba sururu akafuata rashi, mbio za dhahabu, pamoja na nusu ya vijana wa hapa. Alisema wiki mbili. Mahindi aliyoyaacha yakiota sasa yametoa mbelewele. Kiti chake nakifuta vumbi kila asubuhi. Ujinga.

Ijumaa, 8 Machi
Benki inataka wateja wote wahakikiwe upya kabla ya mwezi kuisha. Asiyehakikiwa, akaunti inafungwa. Mama Nyangi ameniagiza nitoe taarifa za wote.

Mchana umeme ukakatika. Betri ikabaki kidogo. Jirani ana sola.

Nilikaa, nikaitazama laptopu ikizimika.

Jumapili, 10 Machi
Nimempata Marwa. Simu ya kuazima, kwenye spika, kambi nzima inasikiliza.

"Ghati, si nikutajie tu hicho kipande?"

"Mbele ya wachimbaji wote hao? Njoo ukiandike mwenyewe."

Mmoja akapiga kelele nyuma yake: "Shemeji, sema tu umemmisi!"

Wakacheka. Nilikata. Uso ulikuwa unawaka.

Alhamisi, 14 Machi
Hajaja. Mama Nyangi haniangalii usoni. Bibi Bhoke amekuja kuuliza kama hela yake ya ng'ombe imepotelea hewani. Nimemwambia kila kitu kiko salama. Kweli kiko salama. Hata sisi hatukifikii.

Ameondoka polepole na fimbo yake. Nimeogopa. Watu wote hawa nimewafungia nje kwa ajili ya mwanaume mmoja.

Jumamosi, 16 Machi
Amekuja. Amekonda, vumbi mpaka kwenye kope, dhahabu hana. Alimpa Mama Nyangi shikamoo.

"Marahaba, mtoro wewe. Nawa mikono, ukae."

Tukaandika kwa zamu. Nilipotazama ukuta nilisikia vidole vyake nyuma yangu, vizito, kimoja kimoja. Nilitamani kipande chake kiwe kirefu kama barabara ya Mugumu.

Laptopu ikafunguka. Mama Nyangi alipiga kigelegele.

Jumatatu, 18 Machi
Taarifa zimefika benki. Bibi Bhoke kahakikiwa.

Marwa anarudi porini kesho. Mama Nyangi akasema basi, kipande chake apewe mwingine. Nikamjibu mfumo haukubali.

Unakubali. Marwa anajua, ile video ya kubadili neno la siri tuliitazama wote wawili, simu moja. Alitazama ukuta, ingawa hakuna aliyekuwa anaandika.