Rundo la Samadi Aliloacha Baba Watoto

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mume wangu alifariki mwaka jana, wiki tatu tu baada ya kurundika samadi ya ng'ombe wetu wawili nyuma ya zizi na kuchomeka kijiti kirefu katikati kama kawaida yake, na kila asubuhi alikuwa anakichomoa ananipa nishike, "Mama watoto, bado ina moto?", nami nasema ina moto, naye ananiambia basi leo chai tuchemshie hapahapa tusihangaike na kuni. Tangu tumzike nakichomoa mwenyewe kila asubuhi, na ni miezi mingi sasa kimekuwa baridi kabisa, lakini siwezi kuligusa lile rundo kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Msimu uliopita, ili nisiliguse, nilizoa samadi mbichi zizini nikaijaza kwenye mashina ya mahindi, yakaungua yote yakiwa hayajafika magotini. Shemeji ananiambia, "Shemeji, mavi umeyafunika turubai, watoto umewafunika nini?" Mvua imekaribia, shamba limechoka, nami nimechoka kuliko shamba.

Mjane wa nyuma ya zizi

Mama, pole sana. Mumeo hatarudi, na hilo sina dawa yake. Shemeji yako mdomo wake hauna breki, ila amesema kweli. Nawe, mtu mzima, unamwaga samadi mbichi huku iliyoiva iko hatua kumi? Hapo nakugombeza. Kijiti kuwa baridi ndiyo dalili aliyokuwa akiingojea kila asubuhi. Imeiva, mama. Na maji yanayopenya chini ya turubai yanaondoka na nguvu yake kidogo kidogo, kwa hiyo unachokilinda kinaisha.

Wiki hii mwite shemeji na jembe lake. Kila shimo viganja viwili, changanya na udongo, ndipo mbegu. Utalia, lia, lakini endelea kufukia. Bakiza madebe mawili. Anza rundo jipya, samadi mbichi na mabua makavu, lowanisha kidogo, na hayo madebe mawili uyachanganye humo ndani. Chomeka kijiti kilekile. Baada ya wiki moja kichomoe, umpe mmoja wa watoto ashike, umuulize kama baba yake alivyokuwa anakuuliza wewe.