Bwana batatu balinipangia

Baba Mwamba,

Miye njo Mama Mwamba, bibi yako. Nasema vile juu ndugu yako Kalenga alitaka leo nikuwe bibi yake. Hapana kushituka kule kwenye uko. Nitakuelezea polepole.

Tulimaliza kilio yako juma yenye ilipita, hapa ku nyumba, Bel-Air. Bantu yenu yote balifika. Baba mukubwa alisimama, alisema: « Bibi ya marehemu, bandugu ya bwana yako beko hapa. Chagula moya, akamate fashi yake. » Unaiyua ile desturi yenu. Banakupatia kopo ya mayi, unaipeleka ku mikono ya ule unataka, anakunywa, basi, eko bwana yako. Nyumba yake, table ya samaki ku soko yake, na miye ndani.

Chagula, alisema. Nilikukumbuka palepale, nilijiuma midomo juu nisicheke mu kilio.

Juu weye njo ulinifundisha ile kingereza yako ya Kitwe, kwenye ulikomalia, niweze kuuzisha samaki ku bantu ya Zambie bila banidanganye. Uliweka tomati ku meza. Ulisema bale bantu beko na maneno mingi kwa kintu yenye shiye tunaita paka kuchagula tu. Pick, ulisema, ni kunyoosha mukono na kukamata yenye iko karibu. Choose, unageuza, unafinya, unanusa, unauliza kama hakuna ingine nyuma. Na decide? Ulikamata kikapo yangu tupu, ulitoka nayo inje, ulirudia nayo tupu vilevile. « Njo ile. Niliangalia, sikuona yenye nataka, nilirudia kwangu. » Miye nilikuuliza: « Na leo tutakula hiyo decide na bukari ya mahindi? » Ulicheka mpaka kikohozi ilikukamata.

Na ile siku ya kupiga kura, karte ya kijani ya kukubali huku, karte nyekundu ya kukatala kule, na askari amesimama pembeni ya ile nyekundu kama anaichunga isipate baridi. Ulinisemea mu sikio: « Mama Mwamba, leo ni pick. » Niliogopa sana na nilicheka sana. Bwana mubaya weye.

Bon. Angalia sasa vile balinipangia. Ku kiti ya kwanza, ile yako, Kalenga, na koti ya abacost mupya, miguu imenyooshwa kama mwenye nyumba. Eko na babibi babili, na bote babili balikuwa ku jiko banapika sombe na kuniangalia bibaya. Ku kiti ya pili, ule ndugu yenu ya Likasi, alikuwa amelala. Ku kiti ya tatu baliweka nkambo yenu, ule muzee mwenye hana meno hata moya. Nkambo ya nini? Miye ni muntu ya soko. Nikitaka samaki ya jana ionekane muzuri, ninaiweka karibu ya samaki ya juma yenye ilipita. Balikuwa bamekata mambo yote kwabo. Ilibakia paka mukono yangu.

Kalenga alisema: « Shemeki, kopo haiko nzito. » Bantu balicheka. Nikikatala kutoa ile kopo, ni kusema nakutupa, na batakamata batoto yangu. Nikiipeleka kwa Kalenga, miye nimekwisha.

Nilimupita Kalenga. Nilimupita mwenye kulala. Nkambo alianza kunyoosha mikono, masikini. Nilimuambia: « Pardon, nkambo. » Nilienda mpaka ku mukeka, kwenye bamama, nilipiga magoti mbele ya Mujinga, dada yako mukubwa. Nilisema na sauti ya soko, bote basikie: « Kwenu munasema dada ya bwana naye eko bwana. Tangu niliolewa ananiita bibi yangu. Basi, miye huyu. »

Kalenga alisema: « Huyu mwanamuke anatuchezea. » Nachezea nini? Ni desturi yenu, haiko yangu. Na dada yako, mwenye hatukupatana hata siku moya, hata juu ya chumvi, alikamata kopo na mikono yote mbili, alikunywa mayi yote, alipangusa midomo. Kisha alisema: « Kalenga, lamuka mu kiti ya kaka yako. »

Donc niko na bwana mupya. Hakoromi, hanywi pombe, lakini kila siku anakuya kuonja bukari yangu na kusema haiiva. Batoto beko na miye, hapa kwabo. Kalenga hanisalimu tena. Anatembea mu quartier anasema ulioa mwanamuke ya kichwa nguvu. Aseme. Uliyua mbele yake, na ulioa vilevile.

Mais kitanda iko mukubwa sana, Baba Mwamba. Ku soko, muntu akikohoa nyuma yangu, nageuka. Kila mara nageuka.

Na hapana kufikiri nilibakatala bale batatu juu nibakie mujane mpaka kufwa. Sijui bado. Niko na nguvu, niko na meno yote. Nakuahidi paka hii: kama siku moya nitaolewa, nitakuya miye mwenyewe ku makaburi, na miguu yangu, nikuambie jina ya ule muntu mbele hata yeye mwenyewe ayue. Hautaisikia ku kinywa ya Kalenga.

Lala muzuri, bwana yangu.

Bibi yako,
Mama Mwamba