Sikio la Kulia

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole kwa kazi na kwa baridi ya huko, ambayo ulisema inakuingia mpaka kwenye kucha. Je, kikohozi kimeisha? Unakula vizuri, au bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa? Sisi huku tupo. Siwezi kusema hatujambo, maana ungejua nakudanganya, ila tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Baba anakusalimu. Goti linamsumbua anapopanda ngazi za duka, lakini akishakaa kwenye kiti chake na saa ya mtu mbele yake, husahau kama ana goti.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu Baba unamjua. Simu ikilia tu anataka iwekwe spika, na anasogeza kiti. Haya ninayokuambia hayafai spika. Ukimaliza kusoma, nakuomba yabaki kwako.

Umekuwa ukiniuliza kuhusu wimbo wa mwisho wa mdogo wetu Chiriku, nami nimekuwa nikikujibu kwamba nausafisha, bado nausafisha, kama mtu anayefua shuka moja mwaka mzima. Leo nakujibu sawasawa.

Unaikumbuka ile gemu ya mkononi uliyomtumia, kuukuu, ya kijivu, kitufe kimoja kimebonyea. Wewe ulidhani atacheza. Yeye akatafuta kaseti ya kutungia muziki, ile inayochomekwa mgongoni mwa gemu, akaachana kabisa na kuruka mashimo na kuua majitu. Akawa anapanga nambari kwenye skrini, safu kwa safu, na kila nambari ikawa sauti. Mwanzoni nilimwambia nyumba imeingiwa na vifaranga, akaninunia kutwa. Baadaye nikanogewa mwenyewe. Yeye alitunga kwenye gemu, mimi nikazihamishia nyimbo kwenye kompyuta, kwenye programu ya kutengeneza sauti, nikaongeza mwangwi kidogo na kushusha palipochoma masikio. Nilikuwa nikitoka karakana kichwa kimejaa ngurumo za cherehani, na bado nilikuwa na hamu ya vifaranga vyake.

Gemu ile ina sauti nne tu, haiongezi hata uipigie magoti. Chiriku alisema zinatutosha, kwa kuwa tangu Mama atutoke na sisi tumebaki wanne. Sauti ya kwanza, nyembamba, isiyofunga mdomo, ni yeye. Ya pili, inayomjibu na kumkosoa, ni mimi. Ya tatu, nzito, inayotembea polepole huko chini, ni Baba na goti lake. Ya nne ni ule mchakacho, kama mtu anayefagia changarawe, na huo akakupa wewe kwa sababu ya kukoroma kwako. Usikasirike, alisema kwa mapenzi.

Wimbo huo wa mwisho aliuanzia nyumbani, akaendelea nao hospitali. Nikikaa pembeni ya kitanda tuligawana vidude vya masikioni, mimi cha kushoto, yeye cha kulia. Hakukubali tubadilishane hata siku moja. Nilimtania kwamba hilo sikio lake la kulia mbona halilii, linacheka tu, maana kuna mahali kwenye wimbo alikuwa akitabasamu peke yake. Nilidhani ananicheka mimi. Nilimwomba niurekodi, akakataa. Alisema kibichi hakipakuliwi, nisubiri amalize. Siku uliyopiga simu alichomoa waya, akaisogeza gemu kwenye simu ili usikie kwa spika yake ndogo. Mimi nilikuwa nimetoka kumtafuta nesi. Niliporudi aliniambia, macho yanang'aa, kwamba Kaka amesikia wote, na amesema ni mzuri.

Yaliyofuata unayajua, sina nguvu ya kuyaandika. Nitakuambia tu kwamba mpaka leo nikifika mlangoni namwita kabla sijakumbuka, halafu nasimama pale na funguo mkononi. Inauma, Kaka. Watu wanasema nitazoea. Sitaki kuzoea.

Baada ya msiba gemu ilikaa juu ya kabati. Niliogopa kuiwasha. Mchana mmoja tukiwa mezani nilimwambia Baba wasiwasi wangu, kwamba ndani ya kaseti kuna betri ndogo, kwamba Chiriku mwenyewe alikuwa akisema imechoka, na kwamba ikiisha wimbo utapotea. Nikasema nitauhamishia kwenye kompyuta nikipata moyo. Baba aliendelea kutafuna.

Sasa jiulize, fundi saa akisikia betri imechoka, anafanya nini?

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amesimama sebuleni, bado amevaa aproni ya duka, lenzi yake ya kukuzia ameipandisha kwenye paji la uso, gemu ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Aliniambia ameifungua kaseti, ameitoa betri kuukuu, amesafisha kutu kwa spiriti, ameweka mpya na kuilehemu mwenyewe, na kwamba sasa nisiwe na hofu tena. Tangu msiba sikuwa nimeuona uso wake ukichangamka namna ile. Na kazi ilikuwa safi, Kaka, hata alama ya bisibisi hungeiona. Kwenye saa, betri ikitoka mishale inasimama, unaweka mpya, unairekebisha, inaendelea kwenda. Kaseti ile sivyo ilivyo. Kumbukumbu yake yote inaishi kwa ile betri, na ukiing'oa hata kwa muda wa kupiga chafya, inasahau kila kitu. Niliwasha. Palipokuwa na jina la wimbo palikuwa na vistari vitupu.

Baba aliniuliza kama iko sawa. Nikamwambia iko sawa, Baba. Nikaingia chumbani nikauma mto.

Nyimbo nyingine zipo kwenye kompyuta, hizo hazikuguswa. Huo mmoja ndio haupo popote. Na Baba, ambaye hospitali alikuwa akishika miguu ya Chiriku tu na kuogopa kumsumbua, hakuwahi kuusikia, akaanza kuuomba. Nikasema vidude vya masikioni vimekufa, akavitengeneza. Nikasema kompyuta ni nzito. Akaja na bisibisi. Nilipoona atafungua na kompyuta nayo, nikakubali kwamba sina pa kukimbilia. Nikakaa kuujenga upya, kwa nilichokumbuka.

Sauti yake niliipata. Yangu niliipata. Ya Baba ilinijia hata nikiwa nashona makola ya sare. Lakini kila nilipofika mahali fulani wimbo ulinyamaza, na baadaye tena ukanyamaza, mapengo ambayo sikuyaelewa, kwa sababu Chiriku hakuwa mtu wa kunyamaza. Ndipo nikafungua nyimbo zake za zamani kwenye kompyuta nitazame alivyozipanga. Kumbe gemu ile inakuruhusu kuituma kila sauti kushoto, kulia, au kote kote, jambo ambalo kwenye spika za kompyuta sikuwahi kulitambua. Sauti zetu tatu alizituma kote kote. Mchakacho, Kaka, yaani wewe, kila wimbo aliutuma kulia peke yake.

Muda wote ule pale kitandani mimi nilikuwa nasikiliza wimbo wenye watu watatu. Palipokuwa kimya kwangu ndipo alipokuwa anatabasamu. Ulikuwa umeingia wewe.

Jumapili, tulipomaliza kula, nilimpigia Baba wimbo nilioutengeneza. Alifumba macho, mkono juu ya goti. Ulipofika kwenye pengo la kwanza aliuliza mbona pamekuwa kimya. Nilimwambia hapo ni mahali pa Kaka, bado hajaingia. Akafikiri kidogo, akasema basi tumsubiri. Ulipoisha aliigonga kaseti kwa kidole akaniambia, umeona sasa, betri mpya, hii itanizika mimi. Nikamwambia ndiyo, Baba. Nimeiapia nafsi yangu kwamba hatajua, na wewe hutamwambia.

Lakini kinachonifanya nilie nikiandika si huo uongo. Ni kwamba tangu niutengeneze wimbo wangu, nikijaribu kuukumbuka wa Chiriku, unakuja wangu. Umeusukuma nje. Jinsi alivyokuwa akiimalizia sauti yake, kama swali, sina hakika tena kama ni yeye au ni mimi. Mtu aliye hai aliyeusikia wote, sauti nne kwa mpigo, ni wewe peke yako.

Kwenye bahasha hii kuna kadi ya kumbukumbu yenye wimbo wangu. Nimeishonea ndani ya kitambaa cha sare, mshono mara mbili, ili usiifungue kwa bahati mbaya. Usiufumue kwanza. Keti mahali palipotulia, ukumbuke ile simu, halafu ujirekodi ukiufuatisha kwa mdomo kama ulivyousikia, hasa mchakacho, chaka-chaka hivyo hivyo, hata kikohozi kikiingia kati. Nitumie kwenye simu yangu, si ya Baba. Baada ya hapo fumua, usikilize, na usinicheke.

Na kama hukumbuki, sema hukumbuki. Usinitungie. Kama siku ile ulikuwa kwenye kelele za kazi, hukusikia vizuri, ukasema ni mzuri ili tu afurahi, niambie vilevile. Sitakulaumu, alifurahi kweli. Mwongo mmoja anaitosha nyumba hii, na kiti hicho nimeshakikalia mimi.

Baba anaita, anataka kujua ninaandika nini kirefu namna hii. Nimemwambia nakukumbusha kuvaa soksi. Anasema uvae mbili mbili. Jitunze, Kaka, usile umesimama, na ukipata ruhusa uje. Mahali pako tumepaacha wazi.

Ni mimi mdogo wako,
wa sikio la kushoto.