Jembe la Mageni

Ushirombo,
8 Juni 1952

Baba Coletha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Geita, na vumbi la mgodini halikukamati kifua kama mwaka jana. Sisi huku kwenu ni wazima kiasi. Coletha anaongea tangu anapoamka mpaka usingizi umnyamazishe. Silvesta anaota meno ya juu, na asipolala yeye silali mimi. Naandika nimempakata, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni teke la mwanao.

Nina swali, usinicheke. Shangazi yako Sikujua, tangu afiwe na mumewe, amehamia hapa kwa mama yako, na kila alasiri ananiita tucheze bao la isolo. Amechimba mashimo yake nyuma ya ghala, kete ni kokoto alizookota mwenyewe, na mimi nacheza huku nanyonyesha. Ajabu ni hii: kila zamu yangu nakula. Nikianza kusambaza kete lazima nirudi na kitu. Yeye anakula mara chache, tena vijishimo vya kuokoteza. Lakini mwisho wa mchezo mimi ndiye niliyefungwa, safu yangu ya mbele tupu, sina pa kwenda. Yeye anavuta ugoro wake na kuniuliza kama kule misheni walitufundisha kuhesabu au kuimba tu. Inakuwaje mtu ale hivyo halafu ashindwe? Wewe unasifiwa kwa mchezo huu tangu ujana. Nieleze.

La pili. Mwanangwa Masele amepita tena kuulizia jaruba letu la mbugani, lile alilotugawia kama mkuu wa kijiji tulipooana. Anasema mvua mbili zimepita halijaguswa, na wapo watu hawana pa kupanda mpunga. Mimi nimelima la mahindi huku juu peke yangu na mtoto mgongoni, mbugani sikufika. Anasema mvua ijayo asipoona jembe pale atampa mwingine. Mkataba wako unaisha Septemba. Utarudi?

Mama na Shangazi wanakusalimu.

Mkeo,
Mama Coletha


Kambini, Geita,
29 Juni 1952

Mama Coletha wangu,

Milele, amina. Barua yako nimepewa na dereva wa lori nikitoka shimoni, nikaisoma na matope mikononi, ndiyo maana sikujibu nyuma ya karatasi ileile. Kifua hakijambo. Mpe pole Silvesta, mwambie baba yake naye aliota meno na akanyamaza.

Kuhusu isolo, wewe unakula, lakini unakula ovyo. Kabla hujagusa shimo, fuata kwa macho mpaka uone kete ya mwisho itaangukia wapi. Usikimbilie la karibu, kula lililonona. Na lako likinona, lihamishe kabla mwenzio hajalifikia. Fanya hivyo na Shangazi ataacha maneno. Hapa kambini hakuna anayenisumbua isipokuwa Bartholomeo, Mfipa mmoja wa kwenye pampu ya maji, na huyo ana bahati tu.

Masele asikutie hofu. Nimemwandikia Mageni, rafiki yangu tuliyebatizwa pamoja. Mvua ya kwanza ikinyesha atashuka mbugani na jembe lake, afungue kona ile iliyo kando ya njia. Masele hapiti kwingine. Akiona udongo umegeuzwa atanyamaza, nasi tumepata mwaka mzima. Umeona? Nako ni kucheza.

Septemba tutaona. Nyapara ananipenda siku hizi. Dereva ana khanga yako, mdai.

Mumeo,
Baba Coletha


Ushirombo,
16 Novemba 1952

Baba Coletha,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani? Sisi tunaendelea. Silvesta ameanza kutembea, sasa badala ya mgongo unaniuma miguu.

Septemba imepita. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nakungoja mlangoni, na mtu haandikiwi barua naye anangojwa mlangoni. Dereva ndiye aliyeniambia kwamba umetia dole gumba tena, mwaka mwingine. Khanga nimeipata. Inapendeza.

Nakupa haki yako: Mageni alilima ile kona, na Masele alipita, akatazama, akaendelea na safari. Na ile ya kula mashimo yaliyonona nimeifuata. Sasa nafungwa kwa kuchelewa, lakini nafungwa.

Basi nikaacha kuangalia kete zangu nikaanza kumwangalia Shangazi. Baba Coletha, yule mama kuna mashimo anataka uyale. Anakuachia kama anayewamwagia kuku pumba. Wewe unashangilia, mkono umejaa, na kete zote ulizokula zinakwenda kulala safu ya nyuma ambako hazina kazi, na mbele kunabaki uwazi upande uleule alioutaka tangu mwanzo. Nilimuuliza anajuaje. Akasema, “Mayu, mama, wewe unaangalia utakula nini. Mimi naangalia ukishashiba utakuwa umekaa wapi.”

Nimeliwaza jambo hili nikisaga, nikifua, nikimbembeleza mtoto. Naona ni akili mbili, si moja. Ya kwanza naiita mbinu: inajibu zamu hii nifanye nini. Ya pili naiita nia: inajibu nataka mchezo huu uishie wapi. Si kwamba mbinu ni mbaya. Shangazi anazo tele na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Ila mbinu zake zinatumwa, kama mtoto anavyotumwa kisimani. Zangu zinakwenda zenyewe na kurudi na chochote zilichookota.

Ndipo nikafikiri juu yetu. Khanga ni mbinu. Kona ya Mageni ni mbinu, na nzuri. Mkataba mpya, nadhani, ni mbinu. Nia yenyewe ni ipi? Sikugombezi. Nataka kujua kweli, maana mimi pia nikijiuliza sina jibu lililo tayari.

Mama Coletha


Kambini, Geita,
14 Desemba 1952

Mama Coletha,

Milele, amina. Niko mzima, nashukuru nanyi mko wazima. Barua yako niliiacha wiki nzima chini ya mto. Nilitaka kukujibu kwamba hayo ni maneno ya watu wenye nafasi ya kukaa nyuma ya ghala.

Halafu nikamsimulia Bartholomeo, ili acheke. Akacheka kweli, ila alinicheka mimi. Akasema heri wewe ungekuja kutoboa mwamba na mimi nikabaki na kunyonyesha. Jioni ile tukacheza mbele ya watu, na kila alipopeleka kete nilimuuliza anatafuta nini. Hakunificha. Akaniambia, “Nataka upande wako wa kushoto ulale. Huko kwingine kula, rafiki yangu, usione haya.” Nikala. Nikala sana. Upande wa kushoto ukalala, akanifunga, na watu wakanipigia makofi ya kunizomea.

Sasa nikwambie ukweli juu ya mkataba. Nyapara alisema kuna nafasi kwenye mashine ya kutoboa, anataka jina palepale. Niliona shimo limenona mbele yangu, nikala. Sikufikiri Septemba wala Ushirombo. Umeniuliza nia. Sijui, mke wangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Noeli hawatupi ruhusa. Pasaka nitakuja. Masele akianza tena, Mageni aongeze kipande kingine kando ya kile.

Baba Coletha


Ushirombo,
1 Machi 1953

Baba Coletha,

Tumsifu Yesu Kristo. Watoto wazima, mama yako mzima, mimi nimechoka lakini si mgonjwa. Kaa chini ndipo usome.

Jaruba limekwenda. Mageni alifanya ulivyomwagiza, akaongeza kipande, halafu cha tatu, na mpunga akapanda maana mbegu anazo. Juzi Masele akaja na wazee wawili, akatuita sote mbugani. Hakuniuliza mimi kitu. Alimuuliza Mageni udongo ule umegeuzwa na jembe la nani. Mageni akasema ni jembe lake. Masele akamuuliza, “Uliitwa kwa pombe?” Mageni akaangalia chini, akasema hapana. “Ulikuja na wenzako, na ngoma?” Hapana. Masele akasema basi ni lake, na wazee wakaitikia.

Unaijua desturi hii tangu unachunga mbuzi. Vijana wa basumba wakiitwa, wakaja na ngoma yao wakakuta mtungi wa pombe, wamemlimia mwenye mtungi. Anayekuja peke yake, na jembe lake, hakuna mtungi wala wimbo, amejilimia. Mimi nilipaswa kukumbuka, nawe ulipaswa kukumbuka, lakini sote wawili tulikuwa tunamwangalia Masele anavyopita njiani. Kila kipande ulichomwagiza Mageni kilikuwa kinamkaribisha ndani.

Usimchukie. Alikuja nyumbani akasimama nje, akasema, “Shemeji, mimi nilikuwa namsaidia mumeo, Valerian. Sikujua nitasaidiwa mimi.” Ana mke, ana watoto, na mbugani hakuwa na hata tuta moja. Akasema nikipeleka shauri kwenye baraza la mtemi hatanipinga, atasema kweli kwamba alitumwa. Mama yako anataka niende kesho. Majirani wote wananiambia nitashinda, na hata mimi naona ningeshinda.

Siendi.

Siku ile nilikaa na Shangazi, kete mkononi, na kwa mara ya kwanza sikuona haraka ya kucheza. Alinisubiri mpaka akanisukuma bega. Nilikuwa najijibu swali nililokuuliza wewe. Nikishinda barazani nitapata jaruba ambalo nitalilima peke yangu, nawe utaona hakuna haja ya kurudi kwa kuwa linalimwa, na Septemba utatia dole gumba tena. Nitakuwa nimekula nimeshiba, na nimekaa palepale. Nia yangu si jaruba. Nataka watoto hawa waujue mguno wa baba yao akivua viatu. Nataka tule chungu kimoja. Kama kwa hilo jaruba lazima liende, Mageni na ale.

Sasa sikiliza, na hapa sikubembelezi. Watu wanaotoka Shinyanga wanasema huko Geita wanangwa wanagawa pori kwa wageni. Nenda ukaombe. Chumba cha kambi sikitaki. Ni cha mgodi, siku wasipokuhitaji wanatoa kitanda chako nje. Nenda Jumapili baada ya Misa, wewe mwenyewe, na jembe lako mwenyewe. Usimtume mtu.

Mkeo,
Mama Coletha


Kambini, Geita,
12 Aprili 1953

Mama Coletha mpenzi,

Milele, amina. Natumaini mmesherehekea Pasaka kwa amani. Mimi Pasaka sikuja, na safari hii nina sababu: niliimaliza porini.

Niliposoma habari ya jaruba niliitupa barua yako, nikaenda kuiokota. Nilikuwa nimeshaanza kumtungia Mageni matusi kichwani, nikakumbuka kwamba maagizo yote yalikuwa yangu. Nikaenda kwa mwanangwa wa huku, mwendo wa saa moja kutoka mgodini. Ni kijana kuliko mimi, ana sauti ya mzee. Nikajieleza vizuri, kazi yangu, ubatizo wangu, nilikotoka. Hakuuliza hata moja katika hayo. Aliuliza, “Mke wako yuko wapi?” Anasema wanaume wa mgodini wanaomba ardhi, wanakata miti miwili, wanahama. Nikasema mke wangu anakuja. Akanitazama kama ninavyomtazama dereva anaposema lori limeharibika.

Lakini amenipa. Ni kichaka kati ya vichuguu viwili, kinateremka mpaka kijito chembamba. Jumapili zote nalima. Mikono iliyozoea mashine ilitoka malengelenge ya kuaibisha. Bartholomeo alikuja na jembe kunisaidia, nikamwambia aweke chini, akae, atazame. Nikamweleza habari ya Mageni. Tangu hapo huja kila Jumapili kukaa chini ya mti na kunikosoa, na hathubutu kugusa hata jani, anasema asije akapewa shamba na mke.

Ila nyumba hakuna. Nina nguzo tu na nyasi kidogo. Na nyapara ameniambia nikiongeza mkataba wa mwaka mmoja, mgodi utanisaidia mabati yaliyovuliwa kwenye ghala la zamani. Naona ni busara nichukue huo mmoja, wa mwisho kabisa, nijenge nyumba ya bati, ndipo nikufuate mje mahali palipokamilika. Unaonaje? Vumilieni mpaka mwakani.

Mumeo akupendaye,
Baba Coletha


Ushirombo,
3 Mei 1953

Baba Coletha,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi kusikia malengelenge yako. Kwa hayo nimekusamehe Septemba.

Mabati hapana. Umeniuliza naonaje, na naona shimo lililonona. Mkataba ulio nao umalize kwa heshima, na Septemba ficha hilo dole gumba mfukoni. Nyumba ya nyasi naijua, nimezaliwa ndani yake. Mwanangwa wako hakuuliza paa liko wapi, aliuliza mke yuko wapi. Ukimkawiza mpaka mwakani atampa mwingine, na atakuwa na haki kama Masele.

Shamba la mahindi nimemwachia mama yako na Mageni atamlimia. Safari hii mama mwenyewe atapika pombe na kuwaita basumba, ili pasiwe na maneno. Alilia siku mbili kwa ajili ya watoto. Leo asubuhi ameniletea chungu chake kikubwa, amekifunga kwa kamba ya katani. Shangazi anasema niende zangu, maana nimeanza kumchosha akili.

Nakuja na watoto wote wawili, jembe langu, mbegu, na hicho chungu. Lori la misheni linaondoka kesho yake baada ya Sikukuu ya Kupaa. Ukiwa shimoni tutakapofika, nitamuuliza Bartholomeo njia ya kwenye vichuguu, nawe utatukuta huko.

Barua hii usiijibu. Hapa sitakuwepo kuyapokea majibu.

Mkeo,
Mama Coletha