Macho Yako Hayakuwa na Shida

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako siwezi kuisikia tena, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa husalimiwa kwanza, mengine baadaye. Huku Kihonda hatujambo. Mvua za vuli zimeharibu barabara ya kupanda Mgeta, magari yanaishia njiani, na mimi nilitaka kuja kukaa kaburini kwako tuzungumze. Nina jambo la mjukuu wako ambalo haliwezi kusubiri tope likauke. Kwa hiyo nakuandikia.

Nianze na sindano. Unalikumbuka lile jiwe la nje ya jiko lako, ulipokuwa unakaa jioni na nguo za kutia viraka? Sindano kubwa ya kushonea magunia ya njegere ulikuwa unaitia uzi mwenyewe. Ikija zamu ya sindano ndogo ya nguo, ulikuwa unamwita Zuhura, mjukuu uliyempa jina lako, na kwa sababu ya jina hilo sote tulimwita mama. "Njoo mama," ulikuwa unamwambia, "macho yangu yamechoka." Naye, hata darasa la kwanza hajaanza, anakuja mbio, analowesha uzi mdomoni, anaupitisha mara moja, kisha anasimama kusubiri sifa zake. Ulimsifu mpaka akaota mapembe.

Na hapo hapo, bila kuinuka kwenye jiwe, ulikuwa unapaza sauti kumwambia jirani wa ng'ambo ya bonde kwamba mbuzi wake mwenye doa jeupe ameingia kwenye maharage. Sisi wengine hata mbuzi mwenyewe hatukumwona. Tulicheka tu. Hakuna aliyejiuliza macho yanayoona doa la mbuzi mlima wa pili yamechokaje.

Ulikuwa na mambo yako, mama, na tuliyazoea. Baridi ile ya Mgeta, watu wamejikunyata ndani ya masweta, wewe unajipepea kwa ncha ya kanga. Ulikula ugali wa watu wawili na mwili haukuongezeka, ukasema chakula chako kinaliwa na milima. Hasira zako zilijulikana hadi mnadani. Mwiko ulikuwa unaruka, na kabla haujatua umeshaanza kucheka na kunimenyea ndizi. Na ile kanga ya shingoni, iliyofunika rovu lako. Nilipokuuliza juu ya uvimbe ule ulisema ni alama ya watu wa milimani, bibi yako alikuwa nao na wewe unao, na kwamba mimi nishughulike na shingo yangu.

Halafu ninakumbuka nilipokuwa mwali. Mliniweka ndani, sioni jua, nakula na kufundwa, na alfajiri ulikuwa unaniletea uji mwenyewe. Kikombe kilikuwa kinacheza mkononi mwako, uji unamwagika kwenye kisahani. Nilidhani ni baridi ya alfajiri. Wewe, mtu usiyejua baridi!

Sasa Zuhura. Yupo kidato cha tatu, ana miguu mirefu kama yako. Sare yake ya shule niliishona mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, si unajua cherehani yangu ndiyo inayotulisha. Kufika Machi nimeibana sketi kiunoni. Mei nimeibana tena, na sufuria la ugali kila siku linarudi limekombwa. Nikawa namtania kwamba anakula kwa niaba ya darasa zima. Lakini utani uliniishia nilipomkuta analala sakafuni kwenye saruji, anasema godoro linamchoma, na shuka limelowa jasho. Mtoto aliyekuwa mpole kuliko wote akaanza kubamiza milango, kisha analia kwa sababu ameibamiza. Daftari la hisabati likaanza kuja na mwandiko ambao mwalimu mwenyewe ameshindwa kuusoma.

Kila mtu alikuwa na neno. Jirani alisema minyoo, nikanunua dawa za minyoo. Mwalimu alisema mawazo ya mitihani. Baba yake, ambaye yuko kwenye mashamba ya miwa Kilombero na tunamwona mwisho wa mwezi, alisema kwenye simu kwamba balehe ina mambo yake. Kila neno lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana lilituchelewesha.

Kisha siku zake zikaanza kuruka miezi. Aliniambia mwenyewe, anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nikafanya kosa la kumshirikisha dada yako. Mama mkubwa Chiku alishuka kutoka mlimani wiki ile ile, akamkagua mtoto kifua kwa macho, unajua wanavyokagua. Zuhura akaelewa anatafutwa nini. Tukaenda zahanati tukapima, mimba hakuna, na kwa siku kadhaa mtoto akawa anachukua sahani yake anakwenda kula chumbani peke yake. Mama mkubwa hakushtuka. Akasema basi jibu ni moja, mtoto hajachezwa unyago. Amevunja ungo mjini kimyakimya, hakuna ngoma wala kungwi, na mizimu ya ukoo imenuna. Dawa yake ni apelekwe juu likizo ya Juni, awekwe ndani mwezi na zaidi, alishwe ndizi na maziwa ya mbuzi hadi anenepe, ndipo atolewe. Wapiga ngoma alikuwa ameshawaambia.

Usidhani nilimdharau, mama. Mimi mwenyewe niliingia ndani nimekonda nikatoka nimenawiri, na mafundisho yale ndiyo yaliyoniweka kwenye ndoa yangu hadi leo. Nilishanunua doti ya kanga na kanzu ndogo ya kumtolea. Nilikuwa nampeleka.

Jumamosi kabla ya safari nilikuwa na mashati ya wanafunzi ya kutia vifungo. Nikamwambia Zuhura anisaidie. Akachukua sindano, akalowesha uzi mdomoni kama zamani, akaulenga. Haukuingia. Akajaribu tena, akageukia mlangoni kwenye mwanga, akajaribu tena. Kisha akaiweka sindano chini na kusema, bila kuniangalia, "Mama, macho yangu yamechoka."

Maneno yako, mama, kwa sauti ya mtoto.

Nikafanya ambacho mzazi yeyote angefanya, nikampeleka kupimwa macho. Alisoma herufi zote, hadi zile za mstari wa mwisho ambazo mimi nilijifanya naziona. Macho mazima, wakasema, miwani ya nini? Tukarudi, tukakaa kwenye benchi la kibarazani, nikamshika mkono ili nimtanie kidogo. Ulikuwa wa moto, umelowa, na ulikuwa unatetemeka. Mtetemo mdogo sana, wa ndani, ambao ukiutazama huuoni ila ukiushika unaujua. Niliujua. Niliwahi kuushika mkono wa namna hiyo alfajiri, wako, nikipokea kikombe cha uji.

Hapo ndipo mbuzi mwenye doa jeupe aliponirudia. Macho yako hayakuwa na shida, mama. Ilikuwa mikono.

Sikwenda mlimani. Nilikwenda hospitali. Daktari, mwanamke ambaye kwa umri ningeweza kumwita mdogo wangu, alimwambia Zuhura anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, akamwekea karatasi juu. Karatasi ikacheza. Akampa maji, akamwambia ameze huku anamtazama shingo, akahesabu mapigo ya moyo, akauliza habari za usingizi, jasho, njaa, siku zake. Aliuliza bila kumwonea aibu, na Zuhura, ambaye miezi ile yote alinijibu kwa mabega, alimjibu kwa mdomo. Halafu akanigeukia mimi. Akauliza kama katika ukoo kuna mtu mwenye uvimbe wa shingo. Nikasema alikuwepo, bibi yake.

Majibu ya damu yalipotoka, akatueleza kwamba shingoni kuna tezi inayotengeneza homoni, nazo ndizo zinazoupangia mwili mwendo wake. Ya Zuhura ilikuwa inatengeneza nyingi kupita kiasi. Mwili unakimbia hata akiwa amelala, ndiyo maana anakula na kukonda, anatoka jasho, anakasirika, siku zinaruka. Balehe huificha hali hii, alisema, kwa sababu kila dalili ina jina lingine kwa binti wa umri ule. Akasema moyo ulikuwa umeshaanza kuchoka na mbio hizo, na kwamba kumfungia ndani mwezi mzima tukingoja anenepe kungetuletea mengine. Lakini inatibika. Alilirudia neno hilo, nadhani kwa sababu ya uso wangu.

Nilimuuliza kuhusu wewe. Alisema hawezi kumpima mtu asiyekuwepo. Marovu mengi ya milimani yalitokana na kukosa chumvi yenye madini joto, na lako huenda lilikuwa hilo, huenda tezi yako ilikuwa kama ya Zuhura, maana magonjwa ya tezi hutembea kwenye ukoo. Mimi sina mashine ya damu, ila nina kumbukumbu, na nililia njia nzima. Roho iliniuma kwamba maisha yako yote uliitwa mkali, wakati labda ulikuwa mgonjwa anayejitahidi.

Mama mkubwa nilimpigia simu jioni ile. Nikamwambia ngoma ipo palepale, ila itamsubiri mtoto apone. Akasema, "Mtoto anakula, anatembea, nyie mnamtafutia ugonjwa." Akakata. Nilipopiga tena hakupokea, na hakupokea tena kwa miezi.

Wiki za kwanza za dawa sikuona kitu, nikaanza kuogopa kwamba dada yako atanicheka. Kisha asubuhi moja nikamkuta Zuhura amelala kitandani, amejifunika shuka hadi kidevuni. Nilisimama mlangoni nikimtazama mtoto anayesikia baridi, nikafurahi kama mjinga. Milango imepumzika. Siku zake zimeanza kurudi kwa utaratibu. Wiki iliyopita nimefumua mshono mmoja wa ile sketi. Safari bado ni ndefu, dawa ni za kila siku na damu inapimwa tena na tena, na akiumwa koo au homa tumeambiwa tukimbie hospitali bila kungoja kesho. Tunaweza.

Nilimsimulia habari za mbuzi na za kikombe cha uji. Akauliza, "Kwa hiyo bibi alikuwa ananificha mimi?" Nikamwambia ulikuwa unatuficha wote, ila yeye ndiye uliyemwamini na sindano yako.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Juzi Jumamosi nasikia hodi, ni mama mkubwa Chiku. Alishuka kwa miguu hadi magari yanapoishia, na umri ule, na furushi la njegere kichwani. Hakuomba radhi, wewe unamjua. Alimtazama Zuhura juu hadi chini, akasema amenenepa, akasema ni zile njegere alizotutumia mwaka jana. Tukacheka. Akakaa kibarazani karibu na cherehani yangu, akaona pindo la kanga yake limefumuka, akaomba sindano na uzi. Aliugeuza uzi mkononi kwa muda.

"Zuhura," akasema, "njoo mama unitilie. Macho yangu yamechoka."

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Zuhura akaja, akaipokea sindano, akatia uzi mara moja tu, wala hakusubiri sifa. Akaichomeka kwenye kitambaa changu pembeni. Kisha akachuchumaa mbele ya bibi yake.

"Bibi," akamwambia, "nyoosha mikono kwanza."

Mama mkubwa akanitazama mimi. Niliogopa atainuka. Lakini alilegeza kanga shingoni, akanyoosha mikono yote miwili, na Zuhura akatoa karatasi kwenye daftari lake la hisabati akaiweka juu.

Jumatatu tunampeleka mama mkubwa hospitali wote wawili, mimi na mjukuu wako mwenye jina lako. Amekubali kwa sharti kwamba Desemba mtoto anachezwa, na Zuhura amesema anataka, ngoma apigiwe akiwa mzima. Barabara ikikauka tutapita kwako kwanza, utuone sote. Usikae umejifunika shingo, mama. Hatuna tena cha kuficha.

Mwanao,
Mama Zuhura