Wa Nne Kutoka Kulia

Jumapili, 7 Julai

Salamu, daftari jipya. Hujambo? U mzima? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto bado linanisumbua. Mwenzako wa zamani amejaa mpaka jalada la nyuma. Mke wangu Ardith kakununua wewe mwenye picha ya ng'ombe. Anasema mtu anayetengeneza mashine za kukamulia kama mimi asione haya.

Misa ya asubuhi. Mahubiri juu ya ulimi. Nilisinzia kidogo katikati.

Corinne alipiga simu saa nane, kama kila Jumapili. Wako Iowa. Wamelala sakafuni kwenye ukumbi wa shule, wameamshwa saa kumi na mbili, gwaride juani mpaka jioni. Sauti imekauka lakini ana furaha. Binti yetu huyu mmoja tu, miaka ishirini na moja, na hiki ndicho kiangazi chake cha mwisho kwenye beni ya Wapiga Mbiu. Mwakani umri utakuwa umepita, shungi la kofia linarudishwa, basi. Kuanzia sasa hadi fainali za Indianapolis ni wiki tano. Nahesabu kuliko yeye.

Mwezi uliopita aliniambia, "Baba, ile sehemu safu yetu inapozunguka kama lango, usihangaike kunitafuta. Nihesabu tu. Wa nne kutoka kulia." Wako kumi kwenye safu yake, wenye tarumbeta nene. Kofia moja, mkanda mmoja chini ya kidevu. Hata mama mzazi hawezi kujua nani ni nani.

Jumatano, 10 Julai

Nimeitazama video ya onyesho lao la La Crosse mara tatu kabla ya kwenda kazini. Corinne — wa nne kutoka kulia — amenyooka kama mshumaa wa Pasaka. Nilitokwa na machozi, nikamwambia Ardith ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Lakini upande wa pili! Wa nne kutoka kushoto anachelewa. Nusu hatua, kila lango linapoanza kuzunguka. Anaharibu safu nzima, na anamharibia mwanangu mwaka wake wa mwisho. Majaji si vipofu.

Nikaandika jukwaani, kule mtandaoni. Ardith hupaita pale baraza la wambea, lakini ni watu wazuri, mashabiki wa beni kama mimi, wengi walipiga tarumbeta zamani kwenye beni za parokia. Wananijua kwa jina la Pembe Kuukuu. Hakuna anayejua nina mtoto uwanjani. Mtu mwenye mtoto uwanjani hasikilizwi. Watasema anavutia kwake.

Niliandika hivi: wa nne kutoka kushoto ni kijiwe ndani ya kiatu. Mwacheni kwenye basi alinde mizigo.

Kufikia chakula cha mchana watu sitini na watatu wamekubali. Mmoja kaandika, mzee leo kaamka na wembe. Mwingine: mwenye macho haambiwi tazama, ila wakufunzi waambiwe. Nilikula mkate wangu pale kwenye zizi la mteja wangu Schmelzer nikicheka peke yangu. Ng'ombe wananitazama.

Ijumaa, 12 Julai

Samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia, kama kila Ijumaa. Nilikuwa kwenye foleni, simu ikaanza kulialia mfukoni.

Video ya onyesho la Rockford. Kuna pengo.

Kwenye beni mtu akikosekana, safu haisogei kumziba. Mahali pake panaachwa wazi na wenzake wanapita kando kana kwamba bado yupo. Ukiona pengo, moyo unashtuka kidogo. Sasa pengo lenyewe ni wa nne kutoka kushoto. Yule yule.

Jukwaa limewaka. Pembe Kuukuu kasikika! Mzee kanena, mtu kaondolewa. Kuna aliyependekeza nipewe kiti cha jaji. Nikamwonyesha Ardith nikidhani atacheka. Akaendelea kuchambua miiba.

"Ana mama yake huyo," akasema.

"Sikumsema mtu. Nilisema hatua."

"Hatua inatembea peke yake?"

Nikaendelea kula. Samaki alikuwa na chumvi nyingi.

Jumapili, 14 Julai

Saa nane imepita. Saa tisa. Corinne hajapiga.

Saa kumi ujumbe: Niko sawa Baba, mazoezi mengi, nawapenda. Basi. Hakutaja onyesho. Hakutaja lango. Huyu mtoto anaweza kuzungumza juu ya lango tangu Misa hadi Misa.

Ardith akauliza, "Alisema wa nne kutoka kulia. Kulia kwake au kulia kwako?"

Nikamwambia kulia ni kulia. Halafu nikasimama nikaenda kwenye droo.

Nikapanga vijiko kumi mezani. Ardith akaenda upande wa pili wa meza, akanitazama, kama wao wanavyotutazama sisi watazamaji. Akahesabu kutoka kulia kwake. Moja, mbili, tatu, nne. Akaweka kidole. Kwangu mimi kidole kile kilikuwa juu ya wa nne kutoka kushoto.

Nikavihesabu tena, kimoja kimoja.

Kisha nikakumbuka kitu, nikafurahi: katikati ya lango wanageuka na kutupa mgongo. Ukigeuka, kulia kwako na kulia kwangu ni kumoja. Nikamwambia Ardith ageuke. Akageuka. Akahesabu kwa kunyoosha mkono nyuma. Wa nne akawa yule niliyemsifu. Basi ni yupi? Alikuwa anahesabu akiwa ametutazama au ametupa mgongo? Nimepiga beni miaka minne na sijui binti yangu amesimama wapi.

Vijiko bado viko mezani. Tumekula kwa uma.

Jumatatu, 15 Julai

Simu yake haipokelewi. Huwa wanazikusanya wakati wa mazoezi, najua. Nimepiga mara sita hata hivyo.

Nikapiga ofisi ya beni. Mama mmoja mpole akaniambia, hakuna aliyelazwa, hilo tu naweza kukwambia bwana, mengine muulize mwenyewe, ni mtu mzima. Sasa hilo ni jibu la namna gani? Kama hayupo kwenye safu angesema. Kama yupo angesema pia.

Jukwaani kila mtu na lake. Goti. Kafukuzwa. Kafiwa. Halafu mmoja anayejiita Shungi la Bluu, mwanamke nadhani, kaandika kwamba mtoto alisoma maneno ya hapa ndani. Mnafikiri wao hawasomi? Wanasoma wote.

Nikafuta maneno yangu. Hayakufutika. Watu arobaini na zaidi wameyanukuu. Kijiwe ndani ya kiatu kimekuwa msemo, wanautumia hata kwa beni nyingine.

Rozari na Ardith. Nilipotea kwenye fungu la tatu. Yeye akaendelea peke yake, sauti kavu. Hajanilaumu. Ningeelewa zaidi angenilaumu.

Alhamisi, 18 Julai

Mambo yamezidi kuchanganyika.

Video mpya. Pengo halipo. Wako kumi. Wa nne kutoka kushoto anaondoka kwa wakati kabisa. Jukwaa linashangilia. Sasa ni nani huyo? Corinne amerudi, amejirekebisha? Au ni mbadala? Niliweka pua kwenye kioo cha kompyuta. Nilitafuta ule mguu wake wa kulia unaotazama ndani kidogo, tangu utotoni. Hakuna mguu unaotazama ndani. Tulimpeleka akafundishwe kutembea kama wengine, naye amefundishika.

Na jambo jingine. Wa nne sasa anaondoka sawa, lakini kati yake na wa tano panafunguka nafasi. Mlango wa pili ndani ya lango. Hapo zamani haukuwepo. Hakuna aliyeuona jukwaani, au wameuona wamenyamaza. Mimi pia nimenyamaza. Sitaandika tena juu ya mguu wa mtu.

Jumamosi kesho kutwa wako Whitewater. Mwendo wa saa mbili. Nimeomba ruhusa kazini.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kasha la barafu, nyuma ya lori la jiko la Wapiga Mbiu. Saa kumi kasoro. Onyesho ni saa moja. Acha niandike upesi, kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa nyuki.

Tulifika saa nane. Ardith akaenda kutafuta choo na viti vyetu. Mimi nikaenda kwenye maegesho ambako wenye tarumbeta huwa wanapasha moto midomo. Wamesimama nusu duara, bila kofia, nyuso zote wazi. Nikawahesabu wenye tarumbeta nene. Kumi. Nikawatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta koti lake kwenye harusi. Corinne hayupo.

Sijui miguu ilinipelekaje kwenye lori. Huyo hapo, aproni mpaka magotini, anakata vitunguu kwenye sinia na akina mama wawili wa kujitolea.

"Baba," akasema. "Umenenepa."

"Wewe umekonda."

"Jiko linanikondesha. Nikipika sili."

Akafuta mikono, tukatoka nje. Nikamuuliza mbona hukutuambia. Akasema, "Mngekuja kunichukua." Kweli tungekuja.

Kisha akanieleza. Ni yeye. Wa nne kutoka kulia akiwa ametutazama — "Sasa Baba, mtu anahesabiwa akikupa mgongo?" Maneno ya jukwaani yalisomwa kwenye basi, kwa sauti, mtu kasimama juu ya kiti. "Na mimi nilicheka. Nilidhani anamsema mpiga tuba." Halafu basi likaanza kunyamaza, kiti baada ya kiti, wakimgeukia. Kesho yake wakufunzi wakaweka video. Nusu hatua, kweli. Wakamtoa, wakaacha pengo siku chache, kisha wakamwingiza mbadala.

"Kwa nini ulikuwa unachelewa?"

Akatazama nyuma kwanza kama kuna mtu anasikia. "Wa tano ni Wendell. Mwaka wake wa kwanza, miaka kumi na saba, hatua fupi. Nikiondoka kwa wakati anaachwa, lango linapasuka. Nilikuwa namngoja."

"Waambie basi!"

"Nikiwaambia anatoka yeye. Mimi angalau najua kukata vitunguu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetafuta leso, na safari hii vitunguu vilikuwepo.

Wakufunzi watakaa Jumatatu asubuhi kupanga orodha ya mwisho mpaka Indianapolis. Asiyekuwemo Jumatatu hayumo tena. Kwa Corinne hakuna mwakani.

Halafu akanishika mkono. "Baba, wewe uko kule jukwaani. Huyu Pembe Kuukuu unamfahamu?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Namsoma tu."

"Ni mtu wa aina gani?"

"Sijui. Mzee."

"Sina hasira naye. Aliona alichoona. Ila wakufunzi wanamsoma, hata wakikana. Mwandikie, Baba. Wewe unajua kuongea na wazee wenzako. Mwombe aseme alikosea. Lakini Wendell asimtaje, hata kidogo."

Sasa hapa ndipo sielewi, na nimegeuza kila upande. Pembe Kuukuu akisema alikosea bila kutoa sababu, nani atamwamini? Akitoa sababu, kijana anaondolewa, na Corinne hatanisamehe. Akisema yeye ndiye baba wa mtoto — kwisha. Watacheka mpaka Indianapolis, neno langu halitakuwa na uzito wa unyoya, na Corinne atajua ni nani aliyesomwa kwenye basi. Nisiposema, nimemdanganya mwanangu usoni, mchana kweupe, naye ana aproni. Leo ni siku ya kitubio pale parokiani na mimi niko huku. Ee Mungu, nionyeshe upande ulipo wa kulia.

Ardith kaja. Kasimama mbali, ameona aproni, amenitazama mimi.  Ameingia kwenye lori, ametwaa kisu.

Corinne anachungulia mlangoni kila dakika. "Umeandika, Baba? Nisomee kabla hujatuma." Anadhani yote haya ni barua. Basi niiandike.

Bwana Pembe Kuukuu,

Salamu. Natumaini u mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Hunijui. Mimi ni baba wa yule uliyemwita kijiwe ndani ya kiatu. Sikulaumu, nami nilikuwa mpiga tarumbeta, najua jinsi jicho linavyopenda kupata kosa. Lakini ulikuwa umekaa upande wako na yeye alikuwa amesimama upande wake. Nakuomba uitazame tena ile video, kisha useme hadharani kwamba ulikosea. Sababu siwezi kukupa. Nadhani unaifahamu. Kikao ni Jumatatu asubuhi, na msichana yuko hapa mlangoni ananitazama nikiandika, anangoja kusikia utasema nini. Tafadhali nijibu upesi.